Fataki za Harusi ya Mdogo Wangu, Uyole

Kamati ya harusi iliponikabidhi jukumu la kuchagua mtindo wa fataki (nazungumzia za baruti, si wale wazee wanaowarubuni mabinti), nilidhani kazi yangu ingekuwa kulinganisha bei tu. Fundi tuliyemwita alitaka kwanza auone uwanja. Alinieleza kwamba fataki ya kurushwa angani yenye kipenyo cha milimita 75 huhitaji watazamaji wakae zaidi ya mita 60 kutoka inaporushiwa, ilhali uwanja wetu umebanwa na nyumba upande mmoja na zizi la ng'ombe wa maziwa upande wa pili.

Isitoshe, harusi ilikuwa Desemba, mwezi ambao Mbeya wingu hushuka bila kubisha hodi, na fataki inayopasukia ndani ya wingu huonekana kama taa ya gari kwenye ukungu. Kwa hiyo nikachagua za ardhini, yaani chemchemi za cheche na magurudumu ya moto, ambazo hazina mshindo mkubwa. Bibi harusi alitaka buluu, rangi iliyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa hutokana na misombo ya shaba ambayo huharibika moto ukizidi; nyekundu ya strontiamu na kijani ya bariamu hazisumbui hivyo. Tulikubaliana kijani na dhahabu.

Baba mkubwa hakuridhika. "Bila mshindo," aliuliza, "majirani watajuaje kuwa tumeoza?"