Kaskazi Moja, Kutoka Watamu Hadi Shimoni

Kwa wavuvi wa rodi, fimbo ya kuvulia, wa pwani ya Kenya, mwaka huanza Agosti, kusi inapoanza kulegea, na hufungwa mwezi wa tatu ukielekea wa nne, kabla upepo haujageuka na masika kuingia. Kiini cha msimu huo ni kaskazi. Jua ni kali, asubuhi bahari imelala, maji ni ya samawati mpaka karibu na miamba, na samaki wenye mdomo mrefu, sulisuli na nduwaro, hupita mahali ambapo boti ndogo huwafikia na kurudi kabla ya magharibi.

Kaskazi iliyopita niliifuata yote baharini, kutoka Watamu hadi Shimoni, katika boti ambayo nahodha wake ni mjomba wangu. Nilikuwa mvuvi, na pale palipohitajika mkono wa ziada nilikuwa baharia. Sijawahi kuona msimu mwema kama ule. Watu wakiona picha husema tulikuwa na bahati, na mimi nawabishia kila mara, kwa sababu nililiona daftari la mjomba. Kila jioni, hata akiwa hoi, aliandika mwezi ulikuwa wa ngapi, maji yalikuwa ya bamvua au maji mafu, yalijaa saa ngapi, joto lake, ndege walikuwa wapi, na kila samaki alikula juu ya kina gani. Asubuhi alilisoma kabla ya kuwasha mashine.

Tulianzia kaskazini, mwezi wa kumi na moja, kwa ajili ya sulisuli. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha bara, na mto Sabaki ulikuwa ukimwaga maji mekundu ya udongo karibu na Malindi. Anayesafiri kwa gari hulitazama tope lile akasikitika. Mvuvi hufurahi. Maji ya mto yanapokutana na maji ya kilindi hayachanganyiki mara moja, na baharini hutokea mstari unaouona kwa macho: upande huu kahawia, upande ule samawati, katikati povu, majani na vijiti. Samaki wadogo hujificha kwenye ukungu wa udongo, na sulisuli huzunguka upande wa maji safi wakiwavizia. Siku nyingine mstari ulikuwa karibu sana na pwani, siku nyingine ulisukumwa mbali. Mjomba hakwenda mahali palepale pa jana kwa mazoea. Aliutafuta mstari kwanza, kisha akaufuata sambamba, chambo zetu zikipita upande wa samawati.

Chambo chetu kikubwa kilikuwa chuchunge, na kumtayarisha ni kazi iliyonipendeza kuliko nilivyotarajia. Unambana tumbo kwa kidole gumba, ukiteleza kuelekea nyuma mpaka uchafu wote utoke. Kisha unamkunja huku na huku, taratibu, mpaka uti wa mgongo ulegee kipande kwa kipande, ili akivutwa majini atikisike kama aliye hai. Mdomo unafungwa kwa waya laini wa shaba, mizunguko imebanana, na ndoana inakaa hapohapo mbele. Chuchunge aliyefungwa vibaya huzunguka majini na kuusokota mshipi, na sulisuli hamgusi. Aliyefungwa vizuri huogelea.

Ndoana zenyewe zilikuwa za duara, zile ambazo ncha yake imepinda kulielekea shina. Hizi hazitaki kushtuliwa. Sulisuli akila, unaachia mshipi utoke huku kidole kikigusa kidogo tu rili, gurudumu la kukunjia mshipi, isije ikafumuka, unavuta pumzi, unangoja, halafu unasukuma breki polepole. Ndoana huteleza mpaka pembe ya mdomo na kujishika yenyewe. Kwa ndoana ya kawaida samaki mara nyingi humeza mpaka ndani, na samaki aliyeumia tumboni ukimwachia umemwachia akafe. Karibu sulisuli wetu wote walishikika pembeni mwa taya, na ndoana ilitoka kwa kuigeuza tu.

Asubuhi moja nje ya Watamu walikuja kundi. Kwanza kivuli kimoja cha rangi ya shaba nyuma ya chambo cha kulia. Kisha pezi la mgongoni, lile tanga lake, likatoka majini, jeusi lenye kung'aa, na mjomba akaita kutoka juu, "Usimtazame huyo peke yake, mwanangu, tazama nyuma yake!" Nyuma yake walikuwa wengine. Sulisuli akitaka kula, hubadilika rangi mbele ya macho yako, milia ya samawati ikawaka ubavuni. Hao waliwaka wote pamoja. Rodi mbili zikainama, ya tatu ikafuata, na kwa muda tulikuwa tukipishana pale tezi, nyuma ya boti, mmoja akipita chini ya mkono wa mwenzake, mishipi ikikatizana bila kugusana kwa sababu baharia wetu aliyaona yote kabla hayajatokea. Wawili tuliwafikisha kando ya boti, wa tatu aliruka mara moja akaitema ndoana. Wale wawili hatukuwapandisha ndani. Unamshika mdomo kwa glavu, boti ikitembea pole, maji yapite kwenye mashavu yake, mpaka utakapohisi mwili umekaza na mkia unapiga. Hapo unafungua mkono.

Mwaka mpya ulipoingia tuliteremka kusini. Kutoka Watamu hadi Shimoni ni zaidi ya maili 80 za baharini, na tuliondoka kabla ya alfajiri. Upepo wa kaskazi ulikuwa mgongoni, jambo jema, lakini mkondo wa pwani hii huelekea kaskazini, kwa hiyo upepo na maji vilikuwa vikisukumana na mawimbi yalisimama mafupi na wima. Tulipita Kilifi jua likichomoza, Mtwapa tukanywa chai, na nje ya Mombasa tukapenya kati ya meli zilizotia nanga zikingoja zamu ya kuingia Kilindini. Kutoka Diani kwenda chini bahari ililainika. Chale, Funzi, na alasiri tukaingia kati ya kisiwa cha Wasini na bara, maji yakiwa kimya hata mlio wa mashine ukaonekana kuzidi.

Shimoni ina umbo la kufaa kwa uvuvi huu. Kisiwa cha Pemba kimetengwa na bara kwa mlango wa bahari wenye kina kinachofika mita 800 hivi. Mkondo unaokwenda kaskazini unaingia humo, unabanwa, unakutana na miteremko ya miamba na kupanda juu. Vidudu vidogo vya baharini huja juu nao, dagaa huwafuata, sehewa huwafuata dagaa, na jodari na nduwaro huwafuata sehewa. Kwa hiyo hapa mvuvi hahitaji kwenda mbali usiku kucha. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alifika kwenye kambi ya uvuvi ya Shimoni mwaka 1954, baada ya kunusurika ajali mbili za ndege Uganda, na mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Wenyeji bado humtaja. Mimi nadhani wangewataja zaidi manahodha wa hapahapa, ambao majina yao hayajaandikwa popote na ndio waliowaonyesha wageni wote hao samaki walipo.

Kila asubuhi ilikuwa hivi: saa kumi na mbili tunang'oa nanga, tunaipita Wasini, tunavipita visiwa viwili vya Mpunguti, mishipi ikiwa bado imekunjwa. Hifadhi ya Kisite hairuhusu uvuvi wa aina yoyote, na Mpunguti ni ya wavuvi wa mbinu za jadi. Mjomba haachi mshipi hata mmoja uguse maji mpaka tuwe tumetoka kabisa. Mpaka wa Tanzania nao uko karibu, jicho lake halitoki kwenye ramani. Baada ya hapo mashine ya kupimia kina inaanza kushuka: mita 60, 90, kisha ghafla 200 na zaidi. Hapo ndipo ukingoni, na hapo ndipo tulipofanyia kazi karibu msimu wote.

Nakiri kwa moyo mkunjufu kwamba sehemu iliyonifunza zaidi ni subira ya ukingoni. Boti nyingine zilikuwa zikikimbia huku na kule zikisikilizana kwenye redio. Mjomba alichagua kipande kimoja, kulingana na maji ya siku hiyo, akakirambaza juu na chini. Alikuwa akisema sehewa wana saa zao, na nduwaro hawakai mbali na sehewa. Membe, wale ndege wa baharini, walipoanza kushuka na kuchota, tulikuwa tayari tupo chini yao. Njiani tulipata nguru na fulusi wa kutosha, na siku moja jodari waliokuwa wakisafiri chini ya pomboo, wakavuta mpaka mikono ikafa ganzi. Hao ni samaki wa chungu na wa soko, nao tuliwabeba.

Nduwaro wangu alikuja mwezi wa pili. Membe walikuwa wengi, na tukamnasa sehewa mmoja mwenye uzito wa kilo mbili hivi. Baharia alimkumbatia kwenye kitambaa kilicholowa, akapitisha sindano yenye uzi mnene mbele ya macho, kwenye tundu laini lililopo paji la uso, akaufunga uzi kwenye ndoana na kumrudisha majini. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko ninavyoieleza. Sehewa akifungwa hivyo ndoana haimtoboi, inaning'inia nje, naye huogelea kwa nguvu zake zote. Mjomba akapunguza mwendo mpaka boti ikawa inatambaa tu.

Ncha ya rodi ilikuwa ikigongagonga kwa mapigo ya mkia wa sehewa, tuk, tuk, tuk. Kisha mapigo yakawa ya haraka. Kisha ncha yote ikatetemeka. "Amemwona," mjomba akasema, bila kupaza sauti. Mshipi ukaanza kutoka, kwanza pole, halafu ukaongeza kasi. Nikangoja. Nikasukuma breki. Mita mia nyuma yetu bahari ikapasuka na nduwaro wa milia akatoka mzima, akatikisa kichwa, akaanguka kwa ubavu, akatoka tena.

Kwa kanuni za IGFA, chama kilichoanzishwa mwaka 1939 ambacho hutunza rekodi za uvuvi huu duniani, samaki ni wako iwapo tu hakuna mtu mwingine aliyegusa rodi, rili au mshipi wakati wa kuvutana. Baharia anaruhusiwa kushika lida pekee, kile kipande kinene cha mwisho. Kwa hiyo wote walinizunguka na hakuna aliyenigusa isipokuwa kunimwagia maji kichwani. Mshipi ulikuwa wa daraja la kilo 24, yaani usiostahimili mvuto unaozidi hapo. Aliporuka niliinamisha rodi, alipozama nilimwinua kidogo kidogo, kisha nikiishusha rodi huku nikiukunja mshipi kwenye rili, mzunguko mmoja, nusu mzunguko. Mjomba alikuwa akiisogeza boti ili samaki abaki pembeni mwetu asije akatuingia chini. Zaidi ya saa nzima. Lida ilipotokea baharia aliikunja mara moja kwenye glavu na nikamwona karibu: mgongo wa buluu ya usiku, milia iliyowaka mpaka mkiani, jicho kubwa lenye kutazama.

Tulimkadiria kilo 70. Mjomba alichukua ufito wenye alama ya plastiki nchani, akaidunga kwenye msuli wa bega, karibu na pezi la mgongoni, mbali na kichwa na mashavu. Alama ile ina namba yake. Kadi yenye namba hiyohiyo hujazwa tarehe, mahali, aina ya samaki na uzito wa kukadiria, kisha hupelekwa kwa African Billfish Foundation, shirika la kuwafuatilia samaki hawa wenye mdomo mrefu, kule Watamu. Tukamvuta pole ubavuni mpaka akapata nguvu, akapiga mkia, akateremka.

Siku chache baadaye, tukiwa tumetia nanga nyuma ya Wasini, ngalawa moja ilitukaribia na mzee mmoja akatuuliza tumepata nini. Tukamwamkia, tukampa fulusi, tukamwambia habari za nduwaro. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye mwenyewe aliwahi kumpata sulisuli mwenye uzi wa plastiki mgongoni, akaukata akautupa, akidhani ni uchafu wa baharini. Mjomba alishuka chini, akarudi na alama mpya, akamwekea kiganjani. Mzee akaigeuza, akazisoma namba, akaomba abaki nayo ili awaonyeshe wenzake bandarini. Mjomba akampa, na tangu siku hiyo tulibeba nyingine za kuonyesha katika kila bandari tuliyotia nanga.

Basi na wewe msomaji uliye pwani, uwe ni wa wavu, wa mshipi au wa kununua sokoni: ukimkuta sulisuli au nduwaro mwenye kiuzi cha plastiki karibu na pezi la mgongoni, usikitupe. Andika namba, tarehe na mahali alipovuliwa. Ukiweza mpime urefu, kutoka ncha ya taya ya chini mpaka panapogawanyika mkia. Peleka kwa ofisi ya uvuvi iliyo karibu nawe, au Watamu kwenyewe. Yule wa kilo 70 alishuka kutoka mikononi mwetu akiwa mzima, na kadi yake iko kwenye faili.