Barafu, shira na ndimu: nilivyojifunza kuchanganya kokteli nyumbani

Wageni walikuwa wanane, na nilikuwa nimeshawatangazia kwamba usiku ule hakuna mzinga, ile chupa kubwa ya pombe kali, mezani. Mume wangu alikuwa anatimiza miaka 40, nami nilitaka kila mtu ashike glasi yake ya Daiquiri, kinywaji cha Kuba nilichokionja mara moja tu kwenye harusi moja ya hotelini nikakipenda mno. Mahitaji yake ni matatu: ramu nyeupe, ndimu na sukari. Nikajiambia, mtu aliyekulia jikoni kwa bibi mpika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hashindwi na vitu vitatu.

Nilishindwa. Ndimu nilizikamua asubuhi ili nisihangaike mbele ya wageni, na kufika saa mbili usiku maji yake yalikuwa yamepooza, yana uchungu wa maganda. Sukari niliitia vivyo hivyo, ikakaa chini ya glasi kama mchanga. Barafu nilinunua mifuko miwili dukani, na bila shaka ilikuwa imegandishwa kwa maji ya kisima, kwa sababu kila glasi ilikuwa na chumvi kwa mbali. Anayeishi Dar anayajua maji hayo. Shemeji yangu alikunywa nusu, akaiweka glasi kwenye trei kwa heshima zote, akaniambia, "Shemeji, samahani, Konyagi ipo?" Dakika kumi baadaye mzinga ulikuwa mezani.

Iliniuma, na si kwa sababu ya gharama ya ramu. Nilikuwa na jambo nililotaka kulirudisha nyumbani kwangu. Kwa bibi, Marangu, pombe ilikuwa na utaratibu. Aliyeipika aliionja kwanza mbele za watu, kisha kata ikapewa mzee, kisha ikazunguka, na kila aliyeipokea alikuwa na neno la kusema. Hakuna aliyekunywa kama anakimbiza daladala. Huku mjini pombe kali tumeizoea vingine: unamimina kwa macho, unaongeza soda, unameza ili imalizike. Wale walioanzia kwenye viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, kabla havijapigwa marufuku Machi 2017, wanajua zaidi habari ya kumeza bila kuonja. Mimi nilitaka kinywaji cha kuonjwa.

Nilianza upya na kipimo. Sikuwa na vile vikombe vidogo vya chuma vya kaunta, nikachukua kile kikombe cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, chenye alama za mililita. Ndicho kilichoninyoosha. Kumbe "ndimu kidogo" yangu ya siku ile ilikuwa karibu mara mbili ya inayotakiwa. Baada ya majaribio ya wiki kadhaa, glasi moja tu kila Ijumaa, nilitulia hapa: ramu mililita 60, maji ya ndimu 25, shira 20.

Shira ni somo nililofundishwa na jirani yangu wa Kitanga, ambaye pombe haigusi kabisa. Nilimwona akipika kaimati wakati wa Ramadhani, nikamuuliza anafanyaje sukari isigande. Akacheka. "Dada, shira haitaki kukorogwa ikishachemka. Iache." Yake ya kaimati ni nzito na ina hiliki. Yangu nikaifanya nyepesi: kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, moto mdogo mpaka sukari iyeyuke, naepua, inapoa, naweka kwenye chupa safi ndani ya friji. Inakaa wiki tatu bila tatizo. Sukari yetu ya rangi ya kahawia inaipa ladha ya muwa ambayo ile nyeupe haina, na kwa Daiquiri hilo ni jema, maana ramu nayo ni mtoto wa muwa. Jirani naye nilimtengenezea yake: ndimu, shira, tangawizi iliyopondwa, barafu tele, na maji ya gesi. Mpaka leo tukikutana ngazini ananiuliza kama ipo.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye barafu, na hapo ndipo nilipotumia muda wangu mwingi. Barafu ya friza yetu ilikuwa inanuka samaki. Barafu hunyonya harufu ya kila kinachokaa karibu nayo, na sisi friza ni moja, kibua kando, maharage yaliyochemshwa kando. Nikaanza kugandisha maji ya kunywa, yaliyochemshwa na kupoa, ndani ya vyombo vya chakula vyenye mfuniko unaobana. Inatoka jiwe moja kubwa la barafu. Naliacha nje dakika chache lisipasuke ovyo, nalifunga kwenye kitambaa cha vyombo, nalipiga kwa mchi mpaka litoke mapande ya ukubwa wa ndimu. Mapande makubwa yanayeyuka polepole kuliko vile vijiwe vidogo vya trei, na ukitikisa yanapoza kabla hayajakuwa maji. Umeme ukikatika usiku barafu ikayeyuka na kuganda tena, siitumii. Inashikana na kubeba harufu upya.

Hapa lazima niseme kuhusu maji. Sote tumekua na methali ya mgema ambaye akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo kichwani mwangu maji ndani ya pombe yalikuwa ni wizi. Nilikuwa natikisa haraka haraka ili yasiingie, na kinywaji kinatoka kikali, kinachoma, ndimu upande wake na ramu upande wake. Siku moja nikaamua kupima. Niliingiza mililita 105 ndani ya chupa ya kioo ya mdomo mpana iliyokuwa ya asali, nikajaza barafu, nikaifunga kitambaa, nikatikisa kwa nguvu huku nahesabu mpaka 12, nikachuja kwa chujio la chai. Zilitoka karibu 145. Yale mililita 40 ya barafu iliyoyeyuka ndiyo yaliyokuwa yanakosekana siku zote. Kinywaji kilikuwa kimekuwa kimoja. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilieleza kokteli ni nini: pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na viungo vichungu. Maji yametajwa waziwazi pamoja na vingine. Hakuna mgema aliyeiba hapo.

Daiquiri yenyewe imepewa jina la kijiji cha Daiquirí karibu na Santiago de Cuba, kulikokuwa na migodi ya chuma, na anayetajwa sana ni mhandisi Mmarekani, Jennings Cox, mwishoni mwa karne ya 19. Ukiangalia vizuri, ni watu waliochukua vilivyokuwa jirani: ramu ya pale, ndimu za pale, sukari ya pale. Hilo lilinipa ujasiri wa kujaribu na Konyagi. Nayo ni ya muwa, ila ni asilimia 35 wakati ramu nyingi ni 40. Tofauti hiyo inahesabika. Ukitikisa mpaka 12 kama ramu, inatoka ya majimaji. Mimi naishia 8, na ndimu napunguza hadi 20. Shemeji aliyeniomba mzinga siku ile alikunywa hiyo, akainua glasi akaitazama kwenye taa. "Hii ni nyagi?" Ni nyagi, shemeji.

Nairobi nilienda kikazi, na huko ndiko nilikokaa kaunta kwa mara ya kwanza peke yangu, mwanamke mtu mzima, bila haya. Niliagiza dawa. Wakenya wameifanya kinywaji chao: vodka, ndimu iliyokatwa vipande, sukari, barafu iliyopondwa, na kijiti cha mti kilichochovywa kwenye asali. Ni ndugu wa caipirinha ya Brazil, ambayo hutumia cachaça, pombe kali ya muwa. Yule kijana wa kaunta alinizuia nilipotaka kuinywa hapohapo. "Pole pole, madam. Koroga kwanza, halafu bonyeza ndimu na hicho kijiti." Asali haiyeyuki haraka kwenye baridi, kwa hiyo funda la kwanza ni kali na chachu, na kadiri unavyokoroga utamu unapanda. Anayetaka tamu anakoroga, asiyetaka anakiacha kijiti kando. Nilikaa na glasi moja saa nzima nikizungumza na mama mmoja aliyetoka Kisumu, na nilipoinuka nilijua dawa yangu ya nyumbani itakuwa na asali ya Tabora. Vijiti natumia vya mishkaki, vile vinene, nakata kwa nusu.

Negroni ndiyo iliyotugawa nyumbani. Jini, Campari (ile pombe nyekundu chungu ya Kiitaliano) na vermuti nyekundu, kila moja mililita 30, kwenye glasi fupi yenye pande kubwa la barafu. Hii haitikiswi, inakorogwa kwa kijiko kama nusu dakika, kwa sababu haina maji ya tunda. Kanuni hiyo imenisaidia sana: kukiwa na ndimu au juisi tikisa, ikiwa ni pombe tupu koroga. Inasimuliwa kwamba ilizaliwa Firenze, Italia, mwaka 1919, pale Camillo Negroni alipotaka Campari na vermuti yake itiwe jini badala ya maji ya soda. Mume wangu alikunja uso kwa ule uchungu na mpaka leo hajaikubali. Mimi funda la kwanza lilinipeleka moja kwa moja kwa bibi. Mbege hutiwa gome la msesewe, na gome hilo ni chungu kwelikweli. Bila hilo ndizi na ulezi vingetoka uji mtamu usiokuwa na la kusema. Bibi alikuwa akilibandua, akilianika, akijua kipande cha urefu gani kinatosha chungu cha ukubwa gani. Watu wa Ulaya wana magome na mizizi yao ndani ya chupa nyekundu, lakini ujuzi ni uleule, uchungu unaoushika utamu usimwagike.

Vermuti iliniharibikia mara moja na ningependa isikuharibikie wewe. Niliifungua, nikaiacha kabatini miezi miwili kwa joto la Dar. Ile si pombe kali, ni mvinyo uliotiwa viungo, ikifunguliwa inachacha kama mvinyo mwingine. Iweke kwenye friji na uimalize ndani ya mwezi hivi. Kama huna wanywaji, nunua chupa ndogo.

Kutoka nje nako kumebadilika. Baa zetu za viti vya plastiki na nyama choma bado nazipenda, na pale nakunywa bia baridi kama wenzangu, kwa sababu meza inayoagiza raundi kwa raundi haimpi mtu nafasi ya kokteli. Lakini nikitaka kokteli naenda mapema, kabla watu hawajajaa, nakaa kaunta na si mezani, naongea na mchanganyaji. Hoteli moja mjini kijana alitaka kunitilia ndimu ya chupa, ile ya kijani inayotengenezwa kiwandani. Nikamuuliza kwa upole, "Mdogo wangu, jikoni hawana ndimu za supu?" Walikuwa nazo kikapu kizima. Akatuma mtu, zikaja tatu, akazikamua mbele yangu, na kinywaji kikawa tofauti kabisa. Aliionja ya kwake kwa kijiko akatikisa kichwa kwa mshangao. Niliporudi mwezi uliofuata, ndimu mbichi zilikuwa kwenye bakuli pale kaunta. Gari tunaliacha nyumbani siku hizo, bajaji inatosha.

Mwezi uliopita mama alishuka kutoka Marangu. Mama hanywi pombe kali, mbege tu na kwa kiasi, lakini alikuwa amesikia kwamba siku hizi mwanawe anapika pombe ya kwenye glasi. Baada ya chakula akasema, "Hebu niione hiyo." Nilitikisa Daiquiri mbele yake, 60, 25, 20, nikahesabu hadi 12, nikachuja, nikampa kwa mikono miwili. Alionja kama alivyokuwa akionja bibi: funda dogo, akalishika mdomoni, macho pembeni, nyumba nzima kimya.

"Ndimu imezidi."

Nilikuwa nimepima. Lakini nilipolamba kijiko alikuwa sahihi: ndimu za wiki ile zilikuwa ndogo na ngumu, zina ukali kuliko za mwezi uliotangulia, na kikombe cha dawa hakiwezi kulijua hilo. Nikaongeza mililita 5 za shira, nikakoroga mara tatu, nikamrudishia. Akaonja tena. Safari hii hakusema kitu, alikunywa funda la pili, kisha akaigeuza glasi akampa shemeji aliyekuwa amekaa kuliani kwake. "Shika, baba. Onja, kisha umpe mwenzio."