Nilivyopanga nafasi na joto la kukuza mchicha na pilipili ndani ya nyumba wakati wa baridi

Hapa Edmonton, magharibi mwa Kanada, siku fupi kabisa ya Desemba hupata jua kwa muda usiozidi saa saba na nusu, na usiku wa Januari baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 20 hasi. Mchicha na pilipili mbuzi, mimea niliyotaka isikosekane jikoni mwangu, haistawi katika hali hiyo hata ikiwekwa dirishani, kwa kuwa kioo hupoa mno usiku. Ndiyo maana nilipanga mahali pa kuikuzia kabla ya kununua mbegu.

Nilitanguliza nafasi, kwani ukubwa wa eneo ndio unaoamua kiasi cha joto kitakachohitajika. Chumba chetu cha chini ya ardhi hubaki kwenye nyuzi 16 hivi, na kukipasha joto chote kwa ajili ya vyungu vichache kungekuwa ufujaji. Nilichagua kona iliyo mbali na kuta za nje, nikasimamisha fremu ya mbao yenye upana wa mita 1.2, kina cha sentimita 60 na kimo cha mita 1.8, kisha nikaizungushia nailoni nyeupe inayorudisha mwanga ndani. Kimo hicho nilikipata kwa hesabu: chungu sentimita 25, mpilipili uliokomaa sentimita 80, nafasi kati ya majani na taa sentimita 30, na sehemu iliyobaki ni ya taa na minyororo ya kuipandisha na kuishusha.

Joto la hewa linatoka kwenye taa yenyewe. Taa yangu ya LED hutumia wati 200, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto, ambalo katika eneo dogo lililofunikwa linatosha kabisa. Niliiwekea taima ili iwake saa mbili usiku na kuzimika saa sita mchana. Hivyo mimea hupata joto katika saa zenye baridi kali, na giza lake huangukia alasiri, wakati nyumba imekwisha kupata joto. Mwanga huo wa saa 16 unaufaa sana mchicha, kwa sababu siku zikiwa fupi aina nyingi za mchicha huharakisha kutoa maua na kuacha kuongeza majani.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, joto la mizizi ndilo linalostahili kuangaliwa zaidi, nalo ndilo watu wengi hulisahau. Sakafu ya zege hunyonya joto la chungu usiku na mchana, kwa hiyo nilitandika stairofomu yenye unene wa sentimita tano chini ya vyungu vyote. Trei za kuatikia mbegu za pilipili niliziweka juu ya mkeka wa umeme wenye themostati, nikaupanga kwenye nyuzi 28, maana mbegu hizo huota vizuri kati ya nyuzi 25 na 30. Miche ikishachomoza niliiondoa kwenye mkeka, ili isirefuke na kuwa dhaifu.

Hita niliikataa kwa makusudi. Katika nyumba nyingi za huku, soketi kadhaa hugawana laini moja ya volti 120 na ampea 15, yaani wati 1,800, na mzigo wa saa nyingi mfululizo haupaswi kuzidi asilimia 80 ya kiwango hicho, ambayo ni wati 1,440. Hita ya kawaida ya wati 1,500 inakipita kiwango hicho peke yake, na kuiunganisha kwa ekstensheni karibu na nailoni na maji ni kuhatarisha nyumba.

Feni ndogo huchezesha majani, na nailoni nimeiacha wazi kidogo upande wa juu ili unyevu utoke na ukungu usianze. Maji ya bomba, ambayo wakati huu huwa baridi mno, huyalaza ndani ya ndoo hadi yafikie joto la chumba.

Mchicha huuchuma kwa kukata ncha, nao huchipua tena pembeni. Mipilipili hukaa humo hadi wikendi ya Victoria Day, mwishoni mwa Mei, wakati wakulima wa bustani wa Edmonton huanza kupanda nje. Kuanzia siku chache kabla ya hapo, huitoa uani kwa saa chache kila siku ili izoee upepo na jua.