Pete imepatikana Kigamboni, koili ya waya wa intaneti imekubali maji ya chumvi

Wadau, imekubali. Hii mashine yangu ya kutafutia metali ya PI (pulse induction, inayotumia mapigo ya umeme) niliyoanza kuihangaikia kabla ya Ramadhani hatimaye inaingia kwenye maji ya bahari bila kupiga kelele, na juzi imetoa pete ya ndoa ya dada mmoja kwenye mchanga wa Kigamboni, pete imesharudi kidoleni kwa mwenyewe. Leo nilipanga niandike kuhusu boksi la betri na kile kitaa cha kuonyesha chaji ila hilo litasubiri, kilichonitesa ni koili, ile duara ya waya inayosikiliza metali, na nataka niimwage yote wakati bado iko kichwani.

Shida ya mashine za frikwensi moja pwani wote mnaijua. Ile ya njano niliyoanza nayo, kwenye mchanga mkavu wa juu inapiga kazi vizuri tu, ukishuka kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi inaanza kulia yenyewe. Ukipunguza nguvu inyamaze, dhahabu nayo inapotea, na ukisema uiweke ichuje takataka ndo unachuja na pete zenyewe, maana pete nyembamba na karatasi ya alumini waliyofungia chipsi zinasoma namba zinazokaribiana kabisa. Za frikwensi nyingi zinapunguza sana huu ugomvi, niliwahi kushika Equinox ya Minelab ya mgeni mmoja kule Kunduchi na kwakweli ni mashine safi, nyepesi, inazama majini mpaka mita 3, ila bei yake kwangu bado ni ndoto. Jamaa yangu wa Geita akajitolea kuniazima ile GPX ya kutafutia dhahabu porini, nikamshukuru sana ila nikakataa, ile ni ya nchi kavu, ikiingia chumvi hasara yake siwezi kuilipa.

Kwa hiyo PI ya kuunda mwenyewe. Inapiga umeme kwenye koili, inakata ghafla, inasubiri kidogo halafu ndo inasikiliza. Mwangwi wa maji ya chumvi unakufa haraka sana, wa pete unachelewa kidogo, sasa ukipatia muda wa kusubiri bahari inakuwa imeshanyamaza na pete bado inaongea. Mateso yangu yote yalikuwa kwenye huo muda. Nikiweka mikrosekunde 20 (mikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde) mashine imetulia kama maji mtungini, ila pete ya mke wangu ya karati 18, nyembamba ile, haisikiki mpaka uiguseshe kwenye koili kabisa. Nikishuka kwenye 10 au 12 pete inasikika shibiri nzima na zaidi, ila hapo koili yenyewe ilikuwa bado haijatulia, inapiga kelele zake juu ya pete na sisikii kitu.

Koili ya kwanza niliizungusha kwa waya wa shaba wa vanishi, huu wanaotumia mafundi wa kusuka mota. Mizunguko 22, upana wa sentimita 25, inakupa kama mikrohenri 300 na ushee (kipimo cha nguvu ya koili), hesabu iko sawa kabisa. Tatizo waya wa vanishi ukilaliana nyuzi zinagusana karibu mno, kapasitansi (chaji inayojificha kati ya nyuzi) inapanda, koili ikikatwa umeme inaendelea kutetemeka badala ya kunyamaza mara moja. Nikabadilisha rezista ya kuituliza, nikapanda, nikashuka, nikaweka ya kuzungusha ili niitafute taratibu, bado. Yaani kuna usiku nimekaa na hiyo rezista mpaka adhana ya alfajiri na sikupata mikrosekunde hata mbili za maana.

Kilichofungua njia ni kipande cha kebo ya intaneti kilichobaki kazini. Nikaichuna, nikachomoa waya mmoja mmoja, zile nyuzi ngumu zenye koti la plastiki, nikaziunga na kuzungusha koili upya kwa idadi ileile. Hilo koti linazitenganisha nyuzi zenyewe kwa zenyewe na plastiki yake haishiki umeme mwingi, koili ikawa nyepesi kunyamaza, nikafika 11 kwa raha mustarehe. Mezani pete inasikika, hereni inasikika, nikasema tayari.

Nikachukua ndoo ya maji ya bahari yenyewe, sio maji ya bomba yenye chumvi ya mezani maana nataka jibu la kweli, nikaishusha koili. Aisee ilipiga yowe. Nikiitoa inanyamaza, nikiigusa kwa kiganja tu inapiga tena. Hapo ujue chumvi yenyewe umeshaishinda kwenye muda, kinachokusumbua ni koili tupu kuona maji na mkono kama sehemu ya sakiti, kila wimbi likiigusa inabadilika. Dawa yake ni kuivika ngao na kuiunganisha na hasi. Nikaanza na foili ya jikoni, nikaacha nafasi isikutane mwisho kwa mwisho ili isigeuke mzunguko mmoja wa waya, ndoo ikatulia ila foili nayo ni metali, ikaanza kujibu yenyewe na ikanirudisha 15. Mikrosekunde nne zimeliwa na kitu nilichokifunga mwenyewe, roho iliniuma sana.

Ngao iliyofanya kazi ni makaa ya betri. Zile betri kubwa za tochi za zamani, ukizipasua katikati kuna kijiti cheusi, nikavikusanya vya kutosha, nikavitwanga kwenye kinu cha thomu cha nyumbani (nimeshanunua kingine), unga nikauchekecha kwa kitambaa na kuchanganya na vanishi ya mbao mpaka ikawa kama uji mzito. Kwanza nikaizungushia koili mpira wa plastiki ule wa kufungia nyaya, ili ngao isikae karibu na waya, halafu nikapaka, nikaanika, nikapaka tena. Multimita ikasoma kama kilo-ohm moja toka mwisho mmoja mpaka mwingine. Unga huo unapitisha umeme wa kutosha kuwa ngao na haupitishi kiasi cha kujibu kama metali. Nikaishika koili kwa mikono miwili, kimya. Nikaishusha kwenye ndoo ya bahari, kimya. Muda 11. Pete ndani ya ndoo, inalia. Nilimwita mke wangu aje aone na alikuja na unga mikononi.

Kwa wanaoanza kuunda, maneno mawili ya vifaa. Kale kaosiloskopu (kioo cha kuonyesha mawimbi ya umeme) ka DSO138 ka kujiungia mwenyewe ni kazuri kujifunzia ila kwa kazi hii hakatoshi, uwezo wake ni kilohezi 200, unaona kivuli tu cha kinachotokea kwenye mikrosekunde za mwanzo, na hizo za mwanzo ndo zenyewe. Mi niliazima la zamani zito kwa fundi mmoja wa tivii na ndo nikaona koili inavyotetemeka. Pia angalieni mosfeti, ile swichi inayokata umeme wa koili, kuna duka liliniuzia IRF740 ambazo zilikuwa zinapasuka kila nikiwasha, ile nguvu inayorudi toka kwenye koili ni volti mamia na hizo feki haziivumilii. Ukipata za kweli, hata za kuchomoa kwenye pawasaplai mbovu, zitunze.

Na msiamini sana meza. Alexander Graham Bell, huyu wa simu, mwaka 1881 alipeleka mashine ya namna hii kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, alikuwa ameshaijaribu vizuri tu, akafika kitandani ikachanganyikiwa, na moja ya sababu ni kwamba godoro lilikuwa na springi za chuma. Kila nikijaribu koili mpya naondoa hata bisibisi kwenye chumba.

Sasa pete. Dada alipigiwa pasi namba yangu na shemeji yake, akasema imemtoka Idd pili wakati wanaoga na familia, ndoa haina hata mwaka. Nilienda na koili ya foili nikarudi mikono mitupu, tena nimejaza mfuko wa vizibo vya soda, pini za nywele, misumari, na uma wa mtu. PI haichagui, kila metali unachimba, hilo mnalijua. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba kila mtu pale ana sehemu yake, dada anasema hapa, mumewe anasema kule karibu na ule mnazi, mtoto anasema kwingine kabisa.

Nikawaambia nipeni picha za siku ile, zote, hata mbovu. Hapo ndo mambo yakakaa sawa. Kuna picha ya saa kumi na dakika 12 jioni pete iko kidoleni, ameshika mtoto, na kuna nyingine ya saa kumi na dakika 40 kidole kitupu. Kwenye hiyo ya pili nyuma yake mnazi uliopinda unaonekana umekaa sawasawa na kona ya banda la makuti. Nikasimama ufukweni nikasogea mpaka mnazi na kona vikakaa vilevile, nikapata mstari. Na maji je? Idd inaandama na mwezi, kwa hiyo Idd pili ni bamvua, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua la hapa kwetu linajaa mida hiyohiyo ya saa kumi. Yeye anasema maji yalikuwa kiunoni. Dar bamvua kujaa na kupwa vinatofautiana zaidi ya mita 3, maana yake pale alipokuwa anaogelea kiunoni, saa nne asubuhi ya bamvua lijalo ni mchanga mtupu unatembea kwa miguu. Dhahabu nayo haisafiri ovyo kama watu wanavyodhani, karati 18 ni nzito kama mara 15 ya maji na mchanga haufiki mara 3, wimbi likitikisa mchanga pete inazama wima mpaka ikute tabaka gumu inakaa. Wasiwasi wangu ulikuwa upepo wa kusi tu, likishaanza kushika mchanga unahamishwa na pete inafukiwa mbali na koili.

Nikasubiri bamvua la mwezi mpevu na koili mpya. Nikavuta kamba mbili kufuata mstari wa mnazi, nikaenda taratibu, koili inagusa mchanga kabisa. Yaani ile raha ya kupita kwenye dimbwi lililobaki na hedifoni imenyamaza, siwezi kuieleza, nilipita mara mbili makusudi. Vizibo vikaja kama kawaida, kijiko, sarafu ya 200. Halafu nikapata mlio laini, mfupi, haupasuki kama wa kizibo. Nikachimba na koleo la matundu (alinitengenezea fundi wa kuchomelea Gerezani, bati la stenlesi, halijapata kutu mpaka leo na kwangu linashinda yale ya kuagiza), koleo la kwanza mchanga tu, shimo likajaa maji, nikapitisha koili, bado iko mle. La pili nikalitikisa kwenye maji, mchanga ukachuruzika, zikabaki kombe tatu, kaa mdogo ana hasira zake, na pete. Chini kiasi cha shibiri na vidole vinne hivi.

Sikumwonyesha hapohapo. Nimeifunga kiganjani nikamuuliza, dada, ndani kumeandikwa nini? Akasema herufi mbili na tarehe ya ndoa, akataja. Nikafungua mkono. Alikaa chini kwenye mchanga mbichi akalia, mama yake akawa anakuja mbio toka kivulini anadhani kuna mtu ameumia. Nikamwambia shikamoo mama, imepatikana. “Marahaba baba, Mungu akuzidishie, huyu alikuwa hapati usingizi.” Wakataka kunipa hela, nikachukua nauli ya pantoni na ya bajaji basi, mama akanifungia mihogo na nazi na hiyo sikukataa.

Huwa siweki bei kwenye pete ya mtu, na sitaki kuzoea. Nina hereni moja na cheni iliyokatika havina wenyewe mpaka sasa, nikitangaza nasema hereni tu, ya aina gani mwenyewe ataniambia. Na wale mnaonishauri nipeleke mashine kwenye magofu ya kale ya Kaole au ya Kunduchi, hapana jamani. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na hata isingekuwepo, sarafu ya kale ikishang'olewa bila mtaalamu kuandika ilikuwa imelala wapi, habari yake imekufa.

Boksi la betri nilisema nitamaliza wiki hii, sidhani. Kuna kaka amenipigia, cheni ya marehemu baba yake imedondoka katikati ya mawe ya matumbawe kule Coco Beach, na koili ya sentimita 25 haiingii kwenye nyufa zile. Cheni ni ngumu kuliko pete maana kila kipingili kinajibu kivyake, kidogokidogo, kwa hiyo nahitaji koili nyembamba, ya yai, na nishuke chini ya mikrosekunde 10. Kebo nimeshaichuna. Mwenye betri kubwa za tochi zilizokufa asizitupe, nazipitia mwenyewe.