Nilipigwa Leza ya Retina Nikiwa Bado Nasoma Gazeti

Hapa Ngamiani, Tanga, ukitaja leza ya macho utapewa ushauri na watu ambao hawajawahi kupimwa hata miwani. Shemeji yangu, ambaye kwa mengine namheshimu, alishikilia kwamba nitie asali, kwani mtu anayesoma gazeti bila shida hana ugonjwa. Hilo liliniudhi, kwa sababu kisukari, ninachougua, hudhoofisha kimyakimya mishipa ya damu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mishipa mipya ikishaota huvuja damu ndani ya jicho bila kupiga hodi. Leza hulinda uoni uliopo, haiurudishi uliopotea. Utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha mwaka 1976 kwamba hupunguza hatari ya kupoteza uoni vibaya kwa zaidi ya nusu.

Jicho la kulia lilitibiwa Dar es Salaam kwa mashine ya zamani, inayopiga nukta mojamoja. Kidevu kiliegemezwa, lenzi ikabandikwa kwenye jicho lililotiwa ganzi, na kila daktari alipokanyaga pedali mwanga wa kijani ulimulika. Nukta zilipofika pembeni, mchomo ulinipenya hadi kwenye meno, nazo zilikuwa mamia. "Mama, tulia, tazama sikio langu," alisema, nami nikalikodolea kwa jicho la pili mpaka nikaujua kila unywele uliochomoza humo. Mbinu hiyo iwafae na wengine.

Jicho la kushoto lilikuta mashine ya mtindo ulioelezwa na watafiti wa Stanford mwaka 2006: pedali ikikanyagwa mara moja, hutoka nukta nyingi zilizojipanga kama mbegu kitaluni, na kila moja hudumu takribani milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 20 badala ya 100, hivyo joto halipati muda wa kusambaa. Nilikuwa bado nakaza meno nikaambiwa tumemaliza.

Nauli na chakula vilinila kuliko nilivyotarajia, laki na ushee. Kwa kuwa matone ya kupanua mboni huiacha wazi kwa saa kadhaa, basi la mchana nililikatia kiti cha kulia, maana kutoka Chalinze hadi Segera jua la alasiri huwapiga wa kushoto. Abiria wenzangu walihangaika na mapazia, mimi nimetulia na miwani yangu nyeusi.

Retina ya pembeni imeunguzwa ili ya katikati ipone, kwa hiyo gizani naona kwa shida, na nikitoka maulidini usiku mjukuu hunishika mkono kwa malipo ya visheti.