Moyo Ukianza Kwenda Mbio, Hesabu Kwanza

Moyo ukianza kupapatika, kaa kitako. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, uhesabu mapigo dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, mapigo yanayorukaruka yatakudanganya.

Mtu mzima aliyetulia hupata 60 hadi 100. Ukikuta 180, yakifuatana sawasawa kama cherehani, tena yalianza ghafla, hiyo ni aina moja. Yakipiga mawili ya haraka, yakanyamaza, yakaja matatu bila mpango, huenda vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga.

Aina ya kwanza hutulizwa kwa kupuliza, ikiwa daktari ameshakupima na kukuruhusu. Chukua bomba la mililita 10 lisilo na sindano. Keti umeegemea, puliza kwenye ncha yake mpaka mchi wa ndani uanze kusogea, ushikilie sekunde 15. Hapohapo ulazwe chali na mtu akuinulie miguu digrii 45 kwa sekunde 15 nyingine. Wengi hukosea hapa: wakishapuliza hubaki wameketi, damu ya miguuni isirudi kwa wingi moyoni, na neva inayopunguza mwendo wa moyo isiamshwe vya kutosha. Utafiti wa Uingereza wa 2015 uliona waliolazwa wakatulia ni asilimia 43, waliobaki wameketi 17. Shingo usiikande nyumbani, hasa kwa mzee. Huweza kuleta kiharusi.

Aina ya pili haitulii kwa kupuliza. Hatari yake ni damu kuganda moyoni na kupanda kichwani. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, INR yake, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kwa kawaida iwe 2 hadi 3. Mchicha na sukuma wiki ale, ila kiasi kisipandepande na kushuka, maana hugusa nguvu ya dawa hiyo. Ramadhani asiache kidonge: amuulize daktari kuhusu kukimeza baada ya futari.

Muguka, majani ya kutafuna yanayochangamsha, uache kabisa. Ukiharisha kwenye joto la Machi, rudisha maji na chumvi mwilini mapema, maana vikipungua moyo huenda mbio. Madafu yana potasiamu nyingi, mwenye figo mbovu asiyategemee.

Kifua kikiuma, pumzi ikikata, ukizimia au mdomo ukipinda, hospitali mara moja. Usijiendeshee gari, hata kama ni kutoka Likoni kuvuka feri tu. Ukifika, omba ECG, kipimo cha umeme wa moyo, moyo ukiwa bado unakwenda mbio, na nakala yake uondoke nayo. Ya kesho yake, moyo ukishatulia, mara nyingi haionyeshi kitu.