Kutoga sikio, pua na kitovu: ninayoyazingatia kuanzia hereni ya kwanza hadi tundu likauke

Wanaokuja kutoga huuliza bei, kisha huuliza kama inauma. Swali ninalotamani waanze nalo ni hili: kitakachobaki ndani ya tundu ni madini gani? Sindano hukaa mwilini sekunde chache tu. Hereni ya kwanza hukaa kwenye kidonda kibichi kwa wiki au miezi, na ngozi mpya huota ikiizunguka. Kwa uzoefu wangu, mengi yanayosingiziwa sindano, au "damu yangu haipokei hereni", chanzo chake ni hereni yenyewe na mikono ya mwenye sikio.

Naanza na titani ya upasuaji, yenye alama ya ASTM F136, yaani namba ya kiwango cha ubora wa madini ya kuwekwa mwilini. Ni nyepesi, na hata mwenye mzio wa nikeli, madini yanayowasha ngozi za watu wengi, huvaa bila shida. Stili ya upasuaji, ASTM F138, ina nikeli ndani yake, ila imefungika kiasi kwamba wengi haiwadhuru. Anayewashwa tumboni na kifungo cha jinzi, au mkononi na mkanda wa saa, asiiguse. Dhahabu ya karati 14 au 18 inafaa kama sonara anajua alichochanganyia. Dhahabu nyeupe mara nyingi huwa na nikeli, na ile ya karati 22 tunayoipenda sana huku pwani ni laini, hukwaruzika, na mikwaruzo hiyo huchokonoa ngozi inayoota. Iwekwe kando mpaka sikio lipone. Fedha huchujuka kwenye majimaji ya kidonda na inaweza kuacha doa jeusi lisilofutika. Hereni iliyopakwa rangi ya dhahabu sitogi nayo hata nikibembelezwa.

Urefu wa kijiti, ile sehemu ya hereni inayopita ndani ya tundu, nao husahaulika. Ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, kwa mtu mzima ina unene wa kama milimita 4 au 5, na lazima ivimbe baada ya kutogwa. Kijiti cha milimita 8 huupa uvimbe nafasi, halafu ukishashuka unaweka cha milimita 6. Hereni za kwenye kadi, zenye kibanio cha kipepeo nyuma, huwa fupi, na mtu hukisukuma kibanio mpaka kigandamane na ngozi akihofia hereni kudondoka. Sikio likivimba usiku, hereni huanza kuzama, na ndani ya siku chache ngozi inaweza kuifunika kabisa. Vile vikunjo vya kipepeo pia hukusanya mafuta, nywele na magaga. Kijiti chenye kisahani bapa nyuma huondoa shida zote hizo. Unene: pua milimita 0.8 au 1.0, sikio 1.0 au 1.2, kitovu na ulimi 1.6.

Bunduki ya kutogea siitumii. Haina sindano ndani. Ina springi inayosukuma kijiti butu cha hereni kwa nguvu. Ndewe ni nyama laini, huvumilia. Gegedu, ile sehemu ngumu ya juu ya sikio, haliwezi, hupasuka pembeni mwa tundu. Isitoshe, mwili wa bunduki nyingi ni plastiki, hauingii kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 tunayoitumia kwa vifaa vya chuma. Kuifuta kwa spiriti hakufikii matone ya damu yaliyorukia ndani, na virusi vya homa ya ini B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kuchemsha sindano kwenye sufuria nako hakutoshi, maana mbegu za bakteria wa pepopunda hustahimili maji yanayochemka. Sindano iwe mpya, ifunguliwe kwenye pakiti mbele ya macho yako, na ikishatumika iingie kwenye kisanduku cha usalama.

Hata dawa ya kusafishia inaweza kuwa ndiyo chanzo cha maambukizi. Mwaka 2000 huko Oregon, Marekani, watu waliotogwa gegedu kwenye kibanda kimoja cha mapambo walipata maambukizi ya bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, na bakteria huyo alikutwa kwenye chupa ya kupulizia dawa. Ndiyo maana sipendi chupa za kujazwa na kujazwa tena. Swabu ya pakiti, ya mara moja, inatosha.

Wengi wetu tunatogea kanula za hospitali, zile sindano za dripu zenye mrija laini kwa nje, na zinafanya kazi nzuri ukizijua namba. Ya kijani ni namba 18, kipenyo chake cha nje ni kama milimita 1.3, inatosha kijiti cha 1.0 au 1.2. Ya pinki, namba 20, ni ya kipini chembamba cha pua. Ya kijivu, namba 16, ina kama milimita 1.7 na inafaa kitovu. Sindano ikitoka, mrija laini hubaki kwenye tundu. Kijiti chembamba huingizwa ndani ya mrija, kinene huufuata nyuma bila kuacha mwanya, kisha mrija huvutwa na kijiti kuchukua nafasi yake. Ukiacha mwanya hata kidogo, tundu hujifunga na utaanza kulitafuta kwa kuchokoa, na hapo ndipo maumivu ya kweli yanapoanza.

Kabla ya hapo naosha mikono kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, navaa glavu, nasafisha mbele na nyuma kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na kuiacha ikauke yenyewe. Alama naiweka mteja akiwa amekaa wima, anatazama mbele, kioo mkononi, kwa sababu alama iliyowekwa akiwa amelala huhama akiinuka. Kitovu nakiangalia akiwa amesimama, kisha akiwa amekaa. Kama akikaa mkunjo wa tumbo unakifunika chote, namshauri asitoge, maana kijiti kitasukumwa kutwa nzima. Kwenye ndewe, tundu liwe katikati au juu kidogo. Likiwa chini, hereni nzito zitalichana baada ya miaka. Sindano isimame wima juu ya ngozi. Ikilala, mbele utaona tundu zuri, lakini nyuma litatokea upande, kisahani kitakandamiza ukingo mmoja, na ukingo huo ndio utakaoota kinundu.

Watoto wachanga nawasubirisha mpaka wamalize chanjo ya pentavalenti ya wiki ya 6, 10 na 14, kwa kuwa ndani yake mna kinga ya pepopunda na ya homa ya ini B. Mama mkwe akisisitiza siku ya arobaini, namweleza hivyo hivyo kwa heshima.

Kidonda kinahitaji maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yale ya dripu yanayouzwa famasi, mara mbili kwa siku. Ukikosa, chemsha nusu lita ya maji na utie robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi laini, kijiko kikiwa kimesawazishwa, na utengeneze mapya kila siku. Usizidishe chumvi, hukausha ngozi na kuipasua. Lowanisha gozi safi, liweke mpaka gaga lilainike, ulifute, kisha ukaushe. Pamba huacha nyuzi. Maji ya bahari yana chumvi karibu mara nne ya hayo na uchafu juu yake, kwa hiyo kuogelea kusubiri. Spiriti, Dettol, haidrojeni peroksaidi na GV huchoma seli changa zinazojaribu kufunga kidonda. Na hereni isizungushwe. Tulifundishwa kuizungusha ili isigande, lakini kila ukiizungusha gaga huingizwa ndani na ngozi mpya huchanika.

Gegedu hulaliwa, hukwaruzwa na mtandio, hunaswa na wigi na kubanwa na simu. Toga upande usioulalia, na kwenda kusuka kusubiri wiki za mwanzo. Ndewe hupona kwa wiki 6 hadi 8, pua miezi 4 hadi 6, gegedu na kitovu miezi 6 hadi 12. Nje hukauka kwanza, ndani bado. Wengi hubadilisha hereni wakati huo na kuanza upya.

Majimaji meupe au ya manjano hafifu yanayokauka kuwa gaga ni ya kawaida. Usaha mzito, joto, wekundu unaosambaa au homa si kawaida. Ukingo wote wa juu ukivimba na kuuma huku ndewe ikibaki salama, gegedu limeambukizwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Gegedu halina mishipa yake ya damu, likifa sikio hujikunja moja kwa moja. Amoksilini uliyobakiza nyumbani haimuui Pseudomonas, daktari huhitaji dawa nyingine kama siprofloksasini. Hereni usiitoe mwenyewe, tundu likijifunga usaha hunaswa ndani.

Kinundu kidogo kinachoota mlangoni mwa tundu wiki za mwanzo kwa kawaida hushuka ukirekebisha kijiti na kuacha kukichezea. Keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua, ni jambo jingine: huja miezi kadhaa baadaye, huwasha, na huvuka mipaka ya tundu. Sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi. Kuikata peke yake mara nyingi huirudisha, tena kubwa kuliko mwanzo, hivyo madaktari huchoma sindano za triamsinoloni, dawa ya steroidi, na wakikata huongeza hizo au hereni ya kukandamiza. Mwenye keloidi mwilini, au ambaye mama yake au ndugu zake wanazo, gegedu simtogi. Akiikubali hatari na kutaka ndewe tu, namwomba arudi baada ya miezi mitatu nimtazame nyuma ya sikio, kwa sababu mara nyingi huanzia huko, mahali ambapo kioo hakimwonyeshi.